Amina ya Mama Lerionka

"Mama Lerionka, hivi hiyo simu yako ukilala na yenyewe inalala?"

Aliyemuuliza hivyo ni Violet, jirani yake pale Daraja Mbili, siku moja akipita na beseni lake la mnafu wa kuuza. Tulicheka. Mama Lerionka naye akacheka, akasema, "Inalala, ila sikio moja liko macho, kama mimi nilivyokuwa na watoto wachanga."

Jina lake ni Nalepo. Alikuwa fundi cherehani miaka mingi, mpaka baridi yabisi ikamkunja vidole vikabaki kama vya mtu aliyeshika kamba. Cherehani akampa mdogo wake. Kalamu nayo ikamshinda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana alikuwa katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Ndipo mwanawe Lerionka akamwekea kwenye simu programu ya kuandika kwa sauti. Anabonyeza kitufe kwa kifundo cha kidole, anasema, maneno yanajipanga. Tukaanza tena kupata neno la asubuhi, mgonjwa gani wa kutembelewa, ibada iko nyumba ya nani. Akawa kama mtu aliyerudishiwa mikono.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, simu ikamwomba aiapdeti ile programu. Akakubali. Yakaja mambo mapya. Nukta na mkato inaweka yenyewe. Kitufe hakibonyezwi tena. Ikisikia sauti yake tu, inaanza kuandika. Tena ilimwambia achague neno moja la kumalizia: akilitamka, ujumbe unakwenda wenyewe.

Alinieleza akiwa na furaha. "Nimechagua Amina, Mama Oscar. Si kila tangazo langu linaishia na Amina?"

Nikamwambia umefanya vizuri. Nani kati yetu angechagua neno lingine?

Asubuhi moja nilikuwa kwake tunachambua mchele wa ibada ya jioni. Naipanoi akaingia. Naipanoi si jina lake, na mumewe haitwi Sakaya. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo. Alikuwa amejifunga khanga hadi kidevuni, na jua lilikuwa kali. Alipoketi khanga ikashuka, tukaiona shingo yake. Ilikuwa na alama za vidole.

"Kesho Sakaya anakwenda mnadani," akasema. "Akitoka tu nachukua watoto, naenda kwa kaka yangu Saruni, Oldonyo Sambu. Sijamwambia mtu. Niombeeni, mama zangu."

Simu ilikuwa mezani, juu ya Biblia. Neno la asubuhi lilikuwa limetoka kutumwa, na ukurasa wa kundi la jumuiya ulikuwa bado wazi. Tukafumba macho. Mama Lerionka haombi juu juu. Kwetu ukiombewa unatajwa kwa jina, na shida yako inatajwa, na njia utakayopita.

"Mungu wetu, mtazame binti yako Naipanoi. Kesho Sakaya akienda mnadani, mfungulie njia yeye na watoto wake mpaka kwa Saruni, Oldonyo Sambu. Mkono uliomkaba usimfikie tena. Kwa jina la Yesu."

"Amina," tukasema sote watatu.

Simu yangu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Nikaibana na mkono, ibada isiharibike.

"Nimepata amani," Naipanoi akasema, akapokea chai.

Hakuimaliza. Violet aliingia bila hodi, mikono ingali na matope ya mboga. "Mama Lerionka! Umetuma nini kule kwenye kundi? Futa! Futa haraka!"

Mama Lerionka akaikamata simu. Kuufuta ujumbe ni lazima ukandamize kidole juu yake bila kukitoa, na vidole vyake vikawa vinateleza, vinateleza, huku anaita jina la Yesu. Violet akamnyang'anya, akafuta yeye. Lakini chini yake palishakuwa na jibu, la mama mzazi wa Sakaya, mwanajumuiya mwenzetu. Aliandika neno moja: "Nimeona."

Naipanoi akaweka kikombe chini taratibu. "Mama, umenifanyaje?" Tangu hapo hajamsemesha tena.

Tulikwenda kuwatoa watoto shuleni saa ile ile. Tulikuwa stendi tunatafuta gari wakati Saruni alipopiga simu. "Dada, usije. Shemeji ametangulia na pikipiki. Yuko hapa getini, ana fimbo, na hataki kuondoka."

Hakuwa na kwingine kwa kukimbilia. Alipo sasa sipaandiki. Yuko kwa watu asiowajua, na watoto hawajapata shule. Polisi, dawati la jinsia, wameambiwa, tunasubiri. Alinipigia juzi kwa simu ya kuazima, nikamuuliza, "Mama Lerionka nimpe salamu zako?" Akasema, "Bado."

Mama Lerionka ameitoa ile programu. Matangazo yakakoma. Jumamosi iliyopita tulipokutana, mzee wetu wa jumuiya, Elihuruma, mtu wa utani na mwenye moyo mwema, akajaribu kumtuliza. "Irudishe, mama, ubadilishe tu lile neno. Weka hata kabichi. Nani atamaliza sala kwa kabichi?"

Baadhi wakacheka kidogo. Mama Lerionka hakucheka. Alisimama, mikono ameificha ndani ya khanga, akasema:

"Naomba mchague katibu mwingine leo. Mimi mniachie kuchemsha chai. Na Naipanoi akirudi, naomba mtu yeyote asimwambie kwamba ni lazima anisamehe."