Breki ya Upande wa Pili

Nikinusa mafuta ya breki hasira inanipanda, hadi leo. Pikapu yetu ya kubebea kahawa ilivuta kulia kila ikifungwa breki. Baba akamfokea mjomba, mpakiaji wake: "Shemeji, unalundika magunia upande mmoja! Hata mbuzi angepanga vizuri."

"Haya, waitu. Mpe mbuzi kazi," mjomba akajibu kwa neno hilo la heshima la Kihaya, akarudi kwao Kishanda kwa miguu.

Kesho yake tulipotoka Muleba, baba akagusa magurudumu. La kulia lilikuwa moto, la kushoto baridi: breki yake ililowa mafuta, haikushika. Akatengeneza, tukaenda Kishanda kumwomba radhi. Gari likasimama limenyooka kabisa.

Baba hakushuka. Alipiga honi tu, kama anaita abiria. Mjomba akatutazama kutoka migombani, akaendelea kukata majani makavu.