Pepeta Kabla ya Mtihani

Mume wangu tulimzika mvua zilipoanza, na binti yetu alikuwa na mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano. Hapo katikati mtoto akaacha chakula cha nyumbani. Nikimpakulia wali na perege, anasogeza sahani. Akitoka shule ananunua chipsi na soda, jioni anasoma huku anatafuna mchele mbichi. Wenzake nao ni hivyo hivyo. Walisema mtu akiwa na hofu koo linafunga, wali haupiti. Mimi niliishia darasa la saba. Nilichojua ni kwamba alishaanguka mstarini asubuhi kwa kizunguzungu, na akianguka ndani ya chumba cha mtihani, shule yote imekwenda bure.

Jumamosi kabla ya mtihani nilikwenda shambani Kivukoni kufukuza ndege. Mpunga ulikuwa umeinama, punje bado za kijani. Kila mwaka mume wangu alikata masuke ya kwanza wakati kama huo, tunatengeneza pepeta, mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga. Mwaka huu sikuthubutu hata kuiwaza, maana kinu kikilia kwenye nyumba ya msiba ni kama ngoma. Lakini nikamkumbuka binti na mchele wake mbichi, nikakata mpaka kikapu kikajaa, nikarudi nusu natembea nusu nakimbia.

Nikapukuchua, nikaloweka, nikakaanga kwenye chungu mpaka punje zikaanza kurukaruka. Pepeta hutwangwa ingali moto, tena kwa michi miwili; ikipoa inakuwa ngumu kama kokoto. Nikaanza peke yangu. Jirani akachungulia juu ya uzio.

"Mama, kwako kuna harusi na sisi hatukualikwa?"

"Kuna mtihani."

"Wa kutwanga? Basi umeshafeli. Kwa mtu mmoja, hiyo itapoa."

Kabla sijamjibu, binti alikuwa ameshatoka ndani, khanga kaifunga kiunoni. Akachukua mchi wa pili, ule ambao baba yake alikuwa akiushika huku wanaume wenzake wakimcheka.

"Baba alikuwa anaanza na mkono wa kushoto," akasema.

"Anza na kushoto."

Tukapokezana. Kinu kikatoa sauti yake ile ile ya kila mwaka. Sijui nilikuwa nalia au nacheka. Uso ulilowa, mikono haikusimama. Hata sijapepeta, binti akachota akatia mdomoni na pumba zake.

"Inaunguza," akasema, akachota tena.

Jirani akaingia na nazi iliyokunwa kwenye kifuu. Wasichana waliokuja kusoma na binti wakakaa mkekani, wakaulizana maswali ya baiolojia midomo imejaa.

"Meza kwanza, ndipo ujibu."

"Nikimeza nasahau."

Jumatatu binti alikwenda kwenye mtihani na pepeta kwenye mfuko wa sketi. Nilishinda nimetega sikio upande wa shule, kazi hazifanyiki. Mchana akaja kwa miguu yake mwenyewe, akaugeuza mfuko kunionyesha umebaki mtupu, akaniuliza kama kuna wali.