Mtani Aliponiambia Kompyuta Yangu Inaongopa

Mwanangu, weka hiyo bisibisi chini kidogo, unisikilize. Nimekuelewa. Kompyuta yako ya mezani uliiongezea mwendo kupita ule wa kiwandani, sasa RAM moja, kile kipande cha kumbukumbu ya kufanyia kazi, imekufa na unataka kukimbilia dukani kuleta nyingine. Utakwenda, sikuzuii. Lakini ipo wiki moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo naikumbuka siku kwa siku, na nikikusimulia utajua cha kuuliza ukifika huko.

Wakati huo sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimetoka Tabora, nimepanga chumba na sebule hapa Pangani, Kibaha, na kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi na kuzihariri. Kompyuta yangu ilikuwa ya kawaida, nami nikaikimbiza. Niliingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla kompyuta haijawaka kabisa, nikapandisha mwendo wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kidogo kidogo, nikafunga feni kubwa ubavuni, na kazi ya saa tatu ikawa inaisha kwa saa mbili. Nilijiona fundi kwelikweli. Nisichokitilia maanani ni kwamba, kwa njia niliyotumia, prosesa haikukimbia peke yake. Iliikokota na RAM. Nilikuwa na RAM pacha, vipande viwili vilivyouzwa pamoja, na vyote viwili vilikuwa vinakimbia zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye lebo yao. Ili visianguke, nilikuwa nimeviongezea na umeme kidogo. Vilivumilia mwaka mzima, kisha kimoja kikafa.

Kilikufa Jumatatu, siku moja baada ya harusi ya Zuhura kule Msimbu, Kisarawe. Zuhura alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Kondo, fundi redio mstaafu, Mzaramo wa hapohapo. Sikuwa nimenakili hata picha moja kutoka kwenye kadi za kamera. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta ikalia milio mitatu, ishara ya RAM iliyokufa, ikanyamaza.

Na kazi nilikuwa nimeahidi iwe tayari Jumapili inayofuata. Bibi Mwanaidi, dada mkubwa wa Mzee Kondo, ndiye aliyemlea Zuhura tangu mama yake alipofariki, na wiki ya harusi alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Harusi ilifanyika uani, yeye akaisikilizia dirishani. Hiyo Jumapili ndugu wote wangekusanyika chumbani kwake, televisheni iwekwe mbele ya kitanda, aione harusi ya mtoto wake. Zuhura mwenyewe alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Dada, ya wengine yote sawa, lakini bibi aone."

Jumanne nikaenda Maili Moja dukani.

"Unataka RAM ya aina gani, dada?" muuzaji akaniuliza.

"Yenye kasi kubwa kuliko zote ulizonazo."

Akanitolea moja yenye koti jekundu la chuma, inang'aa kama kidani. Ilikuwa ya kizazi kilekile, hivyo lile pengo dogo la ukingoni mwake lilikaa sawa kwenye tundu. Nikaichomeka pembeni ya ile moja ya zamani iliyosalia, sikugusa mipangilio yoyote, nikawasha. Ikawaka! Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Jumatano nikanakili kadi zote, nikaanza kuhariri, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Alhamisi asubuhi Mzee Kondo akaja mwenyewe kuona kazi ilipofika. Nilimsikia tangu nje.

"Hodi! Kuna mpagazi humu ndani?"

"Karibu, mtani. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe bado hujarudi kwenu? Msafara umekuacha?"

"Nimebaki niwafundishe Wazaramo kazi, mmezidi kucheza ngoma."

Akacheka mpaka akashika mlango. Unajua, mwanangu, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani anaweza kukusema mbele za watu, anaweza hata kubeba kitu chako akaondoka nacho, na ukikasirika aibu ni yako wewe.

Nikamwonyesha kipande kifupi nilichokuwa nimekimaliza, pale Zuhura anapotoka mlangoni. Akasogea karibu na kioo.

"Hivi vidoa vya kijani ni nini?"

Vilikuwa vijisanduku vidogo, vinatokea na kupotea haraka kama kupepesa jicho. Nami nilikuwa nimeviona. Nikamwambia ni kamera hiyo, jua lilikuwa kali.

"Haya. Hebu kitengeneze tena hichohicho, nikione upya."

Nikafanya, kwa heshima tu. Vidoa vikatokea tena, ila mara hii si mlangoni. Vilikuwa kwenye kanzu ya bwana harusi.

Mzee Kondo akavua miwani. "Mnyamwezi, hii kompyuta yako inaongopa. Umeibebesha mzigo kama mlivyozoea kubebeshwa nyinyi."

Nikacheka. Sasa hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, wala si dukani. Mtu huyu alikuwa ananitania tangu mlangoni, na mimi nikaliweka neno lake hilo pamoja na yale mengine. Nikamjibu kwa utani, "Haijazoea sura za Wazaramo, itazoea." Nikaendelea na shughuli zangu. Jumamosi nilikuwa na harusi nyingine huko Gwata, kwa hiyo nikachukua kikopo cha mafuta ya mgando ninamohifadhia kadi za kamera, nikamwambia ngoja nizifute kabisa hizi niziweke tayari, maana za harusi yenu zote nimeshazinakili.

Mzee Kondo akanyoosha mkono, akakichukua kile kikopo, akakitia mfukoni mwa shati.

"Nimechukua," akasema. "Mtani akichukua, ni mpaka mwenyewe apende kurudisha."

"Mzee, Jumamosi nina kazi!"

"Kaazime." Akaaga, akaenda zake.

Nilimsindikiza nikicheka kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nachemka, lakini ningemwambia nini? Ndivyo utani ulivyo.

Ijumaa asubuhi nikaifungua kazi ya Zuhura, ikakataa kufunguka. Nikaenda kwenye picha zenyewe nilizozinakili Jumatano. Moja inafunguka, nyingine haifunguki, nyingine inafika katikati inaganda. Kile kipande cha ndoa ikifungwa hakikucheza hata nukta moja. Kumbe zile RAM mbili zisizopatana zilikuwa zimeziharibu tangu siku ya kuzinakili, maana kila kitu unachonakili hupita kwenye RAM kwanza. Nikamwona Bibi Mwanaidi na ile televisheni mbele ya kitanda chake. Halafu nikakumbuka kadi ziko wapi, nikatoka mbio kutafuta bodaboda.

Nilimkuta Mzee Kondo barazani kwake Msimbu anamenya mihogo. Kikopo changu kilikuwa kando yake, juu ya redio. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote. Nilitegemea anicheke mpaka majirani watoke. Hakunicheka. Aliweka kisu chini.

"Sasa naongea na wewe kama mwanangu, siyo kama mtani," akasema. "Kompyuta siijui. Redio ndiyo naijua. Kosa likiwa kwenye kanda, kila ukiicheza utalisikia palepale. Kosa likihama, jua kanda ni nzima, anayeisoma ndiye mgonjwa. Vidoa vyako vilihama. Kitu gani umebadilisha humo ndani?"

Nikamweleza habari za RAM nyekundu.

"Na ile iliyokufa, ilikuwa inafanya kazi gani? Inakula umeme kiasi gani? Inakwenda mwendo gani?"

Nikamwambia ukweli. Mwendo niliujua, mengine sikuyasoma.

"Mimi nikibadilisha kipuri cha redio, kwanza nasoma kile cha zamani. Wewe umekwenda kuchagua kitenge. Halafu umeleta mgeni, ukamfunga pamoja na mwenyeji aliyechoka, ukawaambia wakimbie ule mwendo wa zamani ambao ndio uliomuua mwenzao. Na mimi nilikwambia inaongopa, ukacheka."

"Nilidhani ni utani, mzee."

"Utani ulikuwa kwenye mpagazi. Kwenye vidoa nilivua miwani."

Akanirudishia kikopo. Akanifungia na mihogo, akasema mtu aliyekimbia kutoka Kibaha bila chai hawezi kufanya hesabu.

Siku ile nilifanya nilichopaswa kukifanya Jumatatu. Niliirudisha mipangilio yote ya kiwandani. Nilivichomoa vipande vyote viwili, kile cha zamani na kile chekundu. Nikaandika kwenye karatasi yote yaliyokuwa kwenye lebo ya RAM yangu ya mwanzo, nikarudi dukani na karatasi hiyo, nikapata pacha mpya wa maelezo yaleyale, ndani ya pakiti moja. Nikaipima kuanzia adhuhuri hadi magharibi kwa ile programu ya kukagua RAM, na haikuonyesha kosa hata moja. Ndipo nikanakili kadi upya. Ile harusi ya Gwata niliipiga kwa kadi za kuazima, kama nilivyoelekezwa. Kompyuta ilikwenda polepole, zile saa mbili zikarudi kuwa saa tatu, lakini haikuongopa tena.

Jumapili Bibi Mwanaidi aliegemezwa kwa mito miwili, Zuhura amekaa kitandani amemshika kiganja. Alitazama kimya mpaka pale wanaume walipoingia uwanjani kucheza.

"Huyu Kondo," akasema, "anacheza au anaua mende?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ilipofika ndoa, akaomba irudiwe. Tukairudia mara nne, na kila mara ilikuwa safi.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na zote nimezilipia kwa jasho la wiki ile. RAM usiichague kwa ukubwa wa namba wala kwa uzuri wa koti. Soma ile iliyokufa: kizazi chake, kasi yake, volti zake, na zile namba nne ndogo zinazoonyesha inachukua muda gani kujibu. Kisha jiulize swali ambalo lebo haiwezi kukujibu: kwa mwendo niliouongeza mimi, RAM hii itakokotwa mpaka wapi? Kama utafika juu ya namba ya lebo, ama tafuta inayostahimili mwendo huo kwa maandishi yake yenyewe, ama punguza mwendo. Nakushauri upunguze. Nunua vipande vilivyouzwa pamoja, usimwoanishe mpya na mkongwe. Ukishaviweka, usikimbilie kupandisha mwendo. Vipime kwa saa kadhaa katika mipangilio ya kiwandani, na kosa moja tu likitokea usiseme ni dogo, rudisha dukani. Vikifaulu, panda hatua moja, pima, panda nyingine, pima. Na chochote cha watu ulichokabidhiwa, usikifute pale kilipotoka mpaka umehakikisha nakala inafunguka yote.

Na la mwisho halihusu kompyuta. Mtu anayekutania anakutazama kwa karibu kuliko wengi. Akikuambia kazi yako ina kasoro, cheka ukitaka, lakini ukimaliza kucheka kaangalie. Mimi niliokolewa na mzee ambaye hakuchoka na kicheko changu.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kuona kasoro mapema, akuzungushie watu watakaokwambia kweli, na kazi yako iwafurahishe waliokuwa wanaisubiri.

Sasa zima kompyuta, chomoa waya ukutani, toa RAM zote mbili, na unakili kila herufi ya lebo zake kwenye karatasi kabla hujavaa viatu.