Spika Mbili za Nyuma

Mama alikuwa na uhakika kwamba dada yake amefutwa. Hakusema amesahaulika, wala kwamba hasikiki vizuri. Amefutwa, alisema, na aliyemfuta ni yule mtafiti wa nyimbo, kwa sababu siku ile shambani mama mkubwa alimtania kuhusu viatu vyake vyeupe.

Mama na mama mkubwa walikulia kijiji kimoja upande wa Usinge, na hata walipozeeka waliendelea kulima kwa kualikana: leo kundi zima linalima kwa huyu, keshokutwa kwa yule, majembe yakienda na wimbo. Mwaka juzi alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu. Akasimika vinasa sauti mbele ya wanaolima, vingine nyuma yao, akarekodi asubuhi nzima. Mvua zilizofuata mama mkubwa akafariki. Hatukuwa na hata ujumbe mmoja wa sauti yake kwenye simu, maana yeye alikuwa mtu wa kupiga na kuongea mpaka salio likate. Tulipokwisha kuanua matanga ndipo flashi ikaja kwa basi. Ndani yake mlikuwa na video ya dakika arobaini, na pamoja nayo kikaratasi: sauti imerekodiwa kwa kuzunguka, sikilizeni kwa spika tano na sabufa.

Wakati huo mama alikuwa ameshahamia kwangu, Isevya. Kikaratasi nilikisoma juujuu nikakiweka kando. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta, nikavuta waya wa HDMI mpaka kwenye televisheni, tukakaa kusikiliza. Kiongozi wa wimbo alisikika. Safu ya mbele ilisikika. Jembe la mtu lilisikika likigonga jiwe, na mama akacheka kwa sababu alilijua jiwe lenyewe. Ila mama mkubwa, ambaye sauti yake ilikuwa ikitoka kisimani ikafika barabarani, hakuwepo. Palikuwa na kitu kama mnong'ono chini ya sauti za wengine, basi.

"Dada yuko wapi?" mama akauliza.

"Labda siku hiyo hakuimba sana."

Akanitazama kama nimemtukana. "Alikuwa nyuma yangu. Alinisema asubuhi nzima. Huyu bwana amemfuta."

Mimi nafundisha fizikia sekondari, na nina tabia mbaya ya kutoweza kulala na swali. Nimeshafungua pasi tatu kujua kwa nini moja iliungua, na nyumbani wanajua wasiniache peke yangu na kitu chenye skrubu. Kwa hiyo nilikirudia kile kikaratasi, safari hii nikakisoma kama ninavyowaambia wanafunzi wasome swali la mtihani. Spika tano na sabufa. Sebuleni kwangu zilikuwepo. Tulizinunua zamani zikiwa seti kamili, na tangu hapo zilikuwa zikipiga kwaya ya Jumapili na taarifa ya habari. Kitu ambacho sikuwahi kujiuliza, nikiwa mwalimu wa mawimbi ya sauti na chaki yangu mkononi, ni kama zote tano zinasema kitu kimoja au kila moja ina lake.

Nikachuchumaa nyuma ya kabati na tochi. Kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye sabufa palikuwa na waya mmoja wenye ncha mbili, nyekundu na nyeupe. Ncha mbili, njia mbili. Sauti zote za shamba zima zilikuwa zinabanwa kwenye njia mbili, na sabufa inazigawa upya kwa kubahatisha. Nilifurahi sana kuliona hilo, nikasahau kabisa kwamba mama bado amenuna.

Kesho yake nikaenda mjini kwa fundi ninayemwamini. Babu yake alitengeneza saa, baba yake redio, yeye anatengeneza chochote kinachokubali kuwaka. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumba zote mbili, ndipo nikamweleza. Akaniuzia waya mwembamba unaopitisha sauti kwa mwanga, ule wenye ncha inayong'aa nyekundu. Nikarudi, nikauchomeka, nikasikiliza. Mambo yaleyale. Nikampigia simu kwa hasira kidogo.

"Mwalimu, nakuja," akasema. "Usiguse kitu."

Nilikuwa nimeshagusa. Alipofika alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," mama akaitika marahaba bila kugeuza uso kutoka kwenye televisheni. Fundi akachukua rimoti, akachimba ndani ya setingi za sauti, akacheka peke yake.

"Wanyamwezi ndio mliokuwa wapagazi wa njia hii, au siyo?" akaniuliza. "Mzigo ulitoka Ujiji ukapita hapa mpaka pwani. Hapa kati ulifunguliwa?"

"Haukufunguliwa. Una utani na Wanyamwezi leo?"

"Nina utani na kompyuta yako. Imepewa mzigo wa watu sita, spika tano na sabufa, inaufungua hapohapo, inampa televisheni vitu viwili tu. Na televisheni nayo, hata ikipewa mzigo mzima, imepangwa iufungue ipitishe viwili. Zote mbili tuziambie zipitishe mzigo ulivyofungwa. Mwenye kuufungua ni sabufa."

Swali langu likapata jibu, nami nikaona raha ya mtu aliyekunwa mgongo mahali pasipofikika. Tukatafuta. Kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kuchezea video, palikuwa na kisanduku cha kuruhusu sauti ipite bila kufunguliwa. Kwenye televisheni, mahali pa sauti ya kutoka, paliandikwa PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa, tukabadilisha. Sabufa ikatoa mlio mdogo, taa yake ikabadilika rangi. Fundi akaweka sauti ya majaribio, shhh, ikatoka spika ya kwanza, ikaenda ya pili, ya tatu, ikatembea kabati lote mpaka ya tano. Nilipiga makofi. Fundi akakataa chai, akasema ana pasi ya mtu inamsubiri, akaondoka.

Nikamwita mama, nikaanzisha video.

Safari hii wote walikuwepo. Nilimsikia mama mkubwa mwenyewe, wazi, kwa sauti yake ya kukwaruza, akimtania mtu. Nikamgeukia mama nikitegemea furaha. Alikuwa amekunja uso.

"Siyo yeye," akasema.

"Mama, ni yeye. Msikilize."

"Yuko mbele. Dada hakuwahi kulima mbele yangu hata siku moja. Huyo ni mtu anamwigiza."

Hapo uvumilivu uliniisha. Nikamwambia waya nimebadilisha, setingi nimebadilisha, fundi amekuja, sasa anataka nini tena. Mama alinyanyuka akaenda uani kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa, na mimi nikabaki nimeona aibu. Nilikuwa nimefurahia waya kuliko nilivyomsikiliza.

Nilikaa kwenye kiti chake nikalitazama kabati. Juu ya kabati, televisheni katikati, spika tano zimejipanga kama watu wanaopigwa picha ya harusi, tatu kulia, mbili kushoto, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, kazi ya mama. Hivyo ndivyo zinavyopangwa nyumba zote ninazozijua, kwetu na kwa majirani. Spika ni pambo, na pambo linakaa kabatini. Mbili kati ya hizo ziliandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo, kwamba ni za nyuma. Miaka yote hiyo nilikuwa nazifuta vumbi na sijawahi kujiuliza nyuma ya nini.

Nikamfuata uani. "Mama, siku ile mlisimamaje?"

Akaendelea kupepeta kwanza. Kisha akaeleza. Kiongozi anatangulia akirudi kinyumenyume, awatazame wanaolima. Safu ya kwanza ni ya wanaojifunza na wavivu, ili waonekane. Safu ya pili ni ya wenye nguvu, wanaopiga jembe karibu na visigino vya walio mbele. "Mimi nilikuwa mvivu toka utotoni," akasema. "Kwa hiyo dada alikaa nyuma yangu. Miaka sitini alikaa nyuma yangu."

"Spika zake zinatakiwa nyuma ya kiti chako."

"Nyuma wanakaa wageni."

"Basi nyuma ya wageni."

"Mgeni anasemeshwa usoni. Sijawahi kuona nyumba inayomsemesha mtu kisogoni." Kisha ungo ukatulia mikononi mwake. Akafikiri. "Wageni leo hawaji," akasema.

Vitambaa alivitoa yeye mwenyewe, akavikunja viwili viwili. Mimi niliunga nyaya kwa vipande vya waya wa taa, nikazipitisha chini ya zulia, nikaweka spika mbili juu ya vigoda vya jikoni, moja nyuma ya bega lake la kulia, nyingine nyuma ya la kushoto. Alasiri jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sebule. Mama akakaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyefika mapema kanisani.

Wimbo ukaanza mbele yetu. Kiongozi akaita. Safu ya kwanza ikaitikia kutoka kwenye kabati. Halafu ule mwitikio wa pili ukatoka kisogoni petu, mzito, pamoja na majembe, nami nikashtuka hata nikainua miguu. Sebule ilikuwa na watu pande zote. Na katikati yao, karibu kabisa na sikio la mama, mama mkubwa akasema kwa Kinyamwezi kwamba mdogo wake akaze mkono, la sivyo atamkata kisigino.

Mama hakugeuka. Alivuta miguu yake mbele, haraka, yote miwili, kama mtu anayeokoa visigino. Kisha akajibu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayesemwa, "Nakaza, dada."

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. Mimi nililia waziwazi, sioni sababu ya kuficha. Wimbo ulipofika mwisho, nikamuuliza, maana maswali hayaniachi, kwa nini hakugeuka hata mara moja.

"Nikigeuka nitaona ukuta," akasema. "Hebu rudia."