Mkanda wa Chuma wa Verl Hutchens

Siku sita za wiki mume wangu, Verl Hutchens, alichomelea mabomba ya visima vya mafuta hapa Oildale. Siku ya saba alikuwa mwendawazimu. Mnisamehe, lakini mtu anayekaa nyuma ya injini kubwa kwenye fremu nyembamba kama kitanda cha hospitali, miguu kaitanua huku na huku ya klachi, akakimbia robo maili iliyonyooka kwa sekunde kumi ili amtangulie mwenzake tu, nimwiteje? Na hakuwa peke yake. Mwaka hamsini na saba, uwanja wa ndege ulioachwa na jeshi ulijaa watu kila Jumapili kuliko kanisa.

Magari yale hayakuwa na stata ya kuwashia injini. Stata ni uzito, na uzito ndio ulikuwa adui yetu. Gari lilisukumwa kwa pikapu mpaka injini ishike, na msukumaji wa Verl nilikuwa mimi. Sijisifu, lakini hakuna aliyesukuma kama mimi. Unaligusa kwa bampa taratibu, unakoleza mwendo, ukisikia limekohoa unaliachia. Verl naye alitoboa matundu kila palipotoboleka ili apunguze uzito: pedali, usukani, mpaka kiti alichokalia. Siku nilipomkuta anakitazama kijiko changu cha kupakulia, keekee mkononi, nilimwambia akithubutu atakula kwa vidole.

Mwezi wa tatu mwaka ule klachi ya dereva mmoja kutoka Fresno ilipasuka mbele ya macho yetu. Klachi ikipasuka katika mwendo ule, vipande vyake hukata kama msumeno, na dereva yuko papo hapo. Yule bwana alifariki kabla hawajamfikisha hospitali. Verl hakula siku mbili. Siku ya tatu alikata kipande cha bomba nene la kisima, akakipasua, akakipinda kikawa mkanda, akaizungushia klachi yake na kuufunga kwa bolti kumi na mbili. Hakuna mtu uwanjani kwetu aliyewahi kuona kitu kama kile. Ratili sitini za chuma.

Walimcheka mpaka basi. Aliyeongoza kicheko ni Wendell Crump, mshindani wake mkubwa.

"Shemeji Oleta!" alinipigia kelele. "Leo mnapika maharage? Naona mzee kaja na sufuria!"

"Njoo uioshe basi, una mikono ya kuoshea vyombo!"

Nilimjibu hivyo, lakini moyoni niliungua. Verl, ambaye kushinda kulikuwa kawaida yake, alianza kushindwa. Jumapili tatu mfululizo Crump alimtangulia kwa urefu wa tairi.

Asubuhi ya fainali ya msimu nilimfuata uani.

"Litoe hilo lidude, Verl."

"Halitoki, mama."

"Unatoboa pedali upunguze nusu ratili, halafu unabeba ratili sitini? Watu wanatucheka!"

"Waache wacheke. Meno yao."

"Haya. Tafuta mtu mwingine akusukume. Mimi sisukumi sufuria."

Alijua sitanii, na alijua hakuna mwingine wa kumsukuma. Kisha akatabasamu. "Sawa, mke wangu. Leo tu." Akachukua spana. Bolti za chini mkono wake haukuzifikia, kwa hiyo nilizifungua mimi. Mkanda tukauacha pale barazani.

Nilisukuma siku ile kama sijawahi kusukuma. Verl alimwacha Crump tangu mwanzo, nami nikapiga honi kwa furaha, na bado naisikia honi ile. Karibu na mwisho nikasikia mlio wa klachi kupasuka, vumbi likatanda. Crump ndiye aliyefika kwanza, akamfunga mapaja kwa mshipi wa suruali yake kuzuia damu, na ndiyo maana Verl hakufa. Miguu yote miwili ilikatwa chini ya magoti. Muda wake ulikuwa bora kuliko wa wote waliowahi kukimbia pale. Kombe waliniletea hospitali, nami nikalipokea kwa mikono miwili kama mjinga.

Wakubwa wa chama cha mbio walikuja kitandani kwake. "Mkanda wako ulikuwa wapi, Verl?"

"Niliusahau nyumbani," alisema.

Nilifungua mdomo. Akanibana kifundo cha mkono, nikaufunga mdomo. Nilijiambia nitasema kesho.

Mwaka uliofuata ikawa sheria: bila mkanda hukimbii. Verl aliitengeneza mikanda hiyo gerejini kwetu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, nami nikaifungasha kwenda Texas, Oregon, kila mahali. Miaka michache baadaye klachi ya Crump ilipasuka, akashuka garini bila hata mchubuko, akaja kwetu na kulia kwenye bega la Verl. Sijui mkanda ule uliokoa miguu ya wangapi. Lakini pamoja nao ulienea mzaha. Wakaguzi wa kila uwanja waliwauliza madereva: "Umefunga mkanda, au umefanya kama Verl?" Aliyeubuni ndiye aliyegeuzwa mfano wa bwege. Wakimtania alicheka nao, mimi nikaenda jikoni kufungulia maji nisiwasikie.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Nitawaambia, Verl."

"Utawaambia nini? Aliyeshika spana ni mimi."

"Na mimi."

"Oleta, mzaha huu mimi naubeba. Wewe ungekuvunja."

Alisema kweli, na aibu yangu ni kwamba nilifurahi aliposema.

Alifariki mwaka sabini na sita. Kanisani aliyezungumza ni Crump, amezeeka. "Huyu bwana alituokoa sote," alisema. "Lakini alikuwa msahaulifu, Mungu amrehemu! Shemeji, umehakikisha leo hajasahau kitu nyumbani?"

Kanisa zima liliangua kicheko, watu wakifuta machozi. Wakageuka wote kunitazama, wakatulia, wakisubiri nitakachosema.

Nikacheka.