Mashine ya Dada Haitoki

Ndugu yangu mkubwa alisimama katikati ya sebule ya Mama kule Manga, boksi kwapani, akatangaza, "Leo tunatoa huu uchafu."

Uchafu! Alikuwa anaisema mashine ya HD DVD, ya kuchezea filamu za diski, ambayo dada yetu alituma kutoka Amerika. Miaka hiyo makaratasi yake yalikuwa bado, hata kumzika Baba hakuweza kuja. Alichoweza ni kumpa mtu aliyekuwa akisafiri ile mashine na diski moja ya wanyama wa baharini. Nyumba nzima haina kitu kingine chake.

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya Blu-ray. Ndugu yangu anafanya kazi Kisii mjini, na akija nyumbani lazima atufundishe kitu. Akatueleza kwamba aina hizo mbili za diski zilishindana, ya dada ikashindwa, watengenezaji wakaiacha. "Hii ilikufa zamani," akasema. "Hata picha yake ni mbovu. Mtaona." Akachomoa filamu ileile ya wanyama wa baharini, ya Blu-ray. Alikuwa amejipanga, jamani.

Damu ikanichemka. "Haya, tuone," nikamwambia. "Lakini rimoti hutashika."

Ilikuwa Sabato, tumetoka kanisani. Siku hiyo Mama hataki kitu kwenye TV isipokuwa uumbaji wa Mungu, kwa hiyo samaki walikuwa na ruhusa. Nikaunganisha mashine zote mbili. Ya dada ni ya umeme wa Amerika, bila transfoma inaungua, na transfoma yenyewe inanguruma chini ya meza. Nikaiacha ingurume muda wote isije ikanichongea. Mashine zote mbili nikazifunika kwa vitambaa vya Mama vya kufuma. Kila nilipobadilisha, Mama na ndugu yangu waligeuka kuangalia ukuta wa nyuma, kwenye picha ya Baba.

Nikaweka ya kwanza. Pweza akatambaa juu ya mwamba. Ndugu yangu akakunja uso, akasema maji yana ukungu. Nikawageuza, nikaweka ya pili, pweza yuleyule, mwamba uleule.

"Hiyo!" akaruka kutoka kwenye kiti. "Ona ngozi yake! Ona rangi! Mama, hiyo ndiyo Blu-ray, hata kipofu anaona."

Nikafunua kitambaa. Taa iliyokuwa inawaka juu ya mashine ya dada ikamtazama usoni, na kwenye kioo chake dakika za filamu zilikuwa zinakwenda sawasawa na za kwenye TV. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na sijutii. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona tofauti yoyote, nawaambia ukweli. Lakini si mimi niliyekuja na boksi.

Akakasirika. "Hata kama! Diski zake haziuzwi tena popote. Mama, ni mashine iliyokufa. Inakaa hapa ya nini?"

Mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka mezani, akageuka tena kuangalia ule ukuta wa nyuma, safari hii bila kuambiwa na mtu.

"Hata baba yenu alikufa," akasema. "Mbona hujaniambia nitoe picha yake?"

Ndugu yangu akainama, akaanza kuchomoa waya za mashine yake.