Kanga ya Mama Fabiola

Jumapili, jioni

Dada Fausta na ndugu zangu wote, leo mjukuu wangu amelisimamisha kanisa zima.

Emanueli yuko chekechea hapa Endamarariek. Sauti za herufi anazijua zote, ila kuziunganisha ndiyo kazi. Mwalimu alishaniambia: asipoweza, wenzake wataingia darasa la kwanza na yeye atabaki.

Basi leo tulikuwa tunamwombea marehemu mzee wangu. Padre akasema tukae kimya kidogo.

Kimya kabisa.

Mbele yetu Mama Fabiola ameinama anasali, kajitanda kanga, maandishi yote mgongoni.

Nikasikia, "Fff."

Ni Emanueli. Anapuliza, kama marehemu babu yake alivyomfundisha herufi hiyo kwa kikombe cha chai ya moto.

"Fff... i. Fi. Ttt... i. Ti."

Nikamfinya goti. Wapi!

"Na. Fitina!"

Mabega ya Mama Fabiola yakaanza kutikisika kwa kicheko. Padre angeweza kuendelea, lakini naye akasubiri. Tukasubiri wote, neno kwa neno, mpaka mtoto akamaliza:

"Fitina yako, faida yangu!"

Jamani, kuna mtu nyuma akaitikia, "Amina!"

Nje, mwalimu wake akanishika mkono. "Bibi, tafuta sare. Huyu ni wa darasa la kwanza."

Mama Fabiola naye: "Jirani, Jumapili ijayo navaa kitenge. Kile hakina maandishi."

Nimecheka hadi machozi. Mzee angecheka kunishinda.

Mkisali leo, mtukumbuke, mimi na msomaji wangu.